Msimamizi wa Utupu

Sironka alikuwa amepiga magoti katikati ya duara la kina Lemaiyan, aking'oa. Kazi ile ina utaratibu wake. Unashika shina karibu kabisa na udongo, unalizungusha kidogo kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa ya chai, unavuta, unakung'uta mizizi, kisha unaweka kwenye fungu la kushoto. Ukivuta kwa hasira nyasi zinakatikia juu, na zilizokatikia juu huchipua tena kabla hujapata usingizi. Sironka hakuwahi kuvuta kwa hasira. Ndiyo maana Wizara ilimpenda.

"Wewe unang'oa kama unamnyoa mtoto mchanga," alisema Kasambala, kibarua aliyeletwa kutoka mjini, huku amejishika kiuno. "Mgongo wangu umeshaaga dunia, wewe bado unabembeleza."

"Zikikatika itabidi turudi."

"Turudi, kwani kuna harusi tunachelewa? Kazi ikiisha mimi nitakula nini, hizi nyasi?"

Sironka alikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Kila alipoingia kwenye duara jipya alinong'ona kwanza, "Nisamehe," akataja jina la aliyekuwa mwenye boma, ndipo akaanza kuvuta. Asubuhi ile alikuwa amemtaja marehemu mzee Lemaiyan, ambaye zamani, mahali hapohapo palipokuwa bado boma, alimpa kibuyu cha maziwa akamwambia anywe mpaka upepo ushindwe kumbeba. Sironka alikuwa mtoto wa miguu miembamba. Sasa miguu ile ilikuwa ndani ya buti za Wizara.

Kwa asiyejua mambo ya ng'ombe ni vyema kueleza. Watu wa uwanda ule hujenga boma la duara, ng'ombe wakalala katikati, na baada ya miaka kadhaa watu huhama kufuata malisho. Nyumba za udongo huanguka, miiba ya ua huliwa na mchwa, na mpita njia haoni kitu. Lakini samadi iliyokanyagwa na kwato haisahau. Mahali pale huota nyasi fupi, laini, tamu, zenye ukijani hata katikati ya kiangazi, uwanda mzima ukiwa na rangi ya simba. Ng'ombe hulijua duara kwa ulimi. Mtu aliye ndani ya ndege hulijua kwa jicho. Ukiutazama kutoka juu, uwanda wote wa mpakani ulikuwa na madoa kama chui, na kila doa lilikuwa na jina la baba wa mtu.

Hapo ndipo shida ya serikali ilipoanza.

*

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wananchi wake wanaijua, na majirani wanaisikia kelele zake. Uwanda ule wenyeji huuita Lorunga. Serikali huuita Kanda ya Mwisho, kwa kuwa ndiyo ya mwisho kupelekewa kitu chochote.

Historia ya Lorunga ni fupi, kwa sababu imefupishwa. Inasemekana kwamba hapo kale wageni wawili kutoka ng'ambo, kila mmoja akitetemeka kwa homa ndani ya hema lake, walipatana kwa kupigiana kelele kwamba mpaka wa nchi zao ufuate mto uliokuwa katikati. Walipopona wakaondoka. Mto nao, labda kwa kuona kazi yake imekwisha, ukakauka. Tangu hapo nchi mbili zimeshindwa kukubaliana ulikuwa unapita wapi, na mpaka umekuwa pale ambapo redio ya taifa moja huanza kukoroma na ya taifa la pili huanza kusikika. Siku za mawingu mpaka husogea. Wapo ng'ombe wa Lorunga waliolala wakiwa raia wakaamka wageni.

Jiografia yake ni nyasi. Upande wa mashariki kuna nyasi, na upande wa magharibi zinaendelea. Kuna kilima kimoja, ambacho mwaka kilipopewa jina la Rais kilipandishwa cheo kikawa mlima.

Mambo yangebaki hivyo kama asingetokea tajiri mmoja wa ng'ambo. Alikuwa na kila kitu, akatambua kwamba amekosa mahali pasipo na kitu. Akatuma wajumbe duniani kutafuta utupu wa kukodi. Masharti yake yalikuwa machache: utupu uwe mpana, uwe na machweo mazuri, na uwe haujawahi kutumika.

Mheshimiwa Waziri, Daktari Protasi Ngwalida, aliwaapia wajumbe kwamba nchi yake ina utupu mpya kabisa, bado uko kwenye nailoni. Wiki hiyohiyo kitabu cha jiografia cha shule za msingi kilichapwa upya kikiwa na sentensi moja zaidi: *Lorunga hakujawahi kukaa mtu.* Watoto wa Lorunga waliikariri sentensi ile darasani, wakiwa wameketi Lorunga, na waliokosea waliambiwa warudie mpaka waiamini.

Tajiri, kama kawaida ya matajiri, hakutosheka na kiapo. Alisema wakaguzi wake watapita juu kwa ndege mwishoni mwa kiangazi. Wakiona dalili ya maisha ya watu, hakuna mkataba. Wasipoona, mkataba utatiwa saini, na watu wote waliopo Lorunga watakuwa wamethibitika kwamba hawakuwahi kuwepo, hivyo watapakiwa kwenye malori na kupelekwa ng'ambo ya mto, popote mto ulipo.

Ikaundwa Idara ya Utupu ndani ya Wizara.

Wataalamu wa Idara waliazimia kuyafuta maduara. Kulima kulikataliwa, kwa sababu shamba lililolimwa ni dalili ya maisha. Moto ulikataliwa, kwa sababu majivu ni dalili ya maisha. Magari yalikataliwa kwa ajili ya alama za magurudumu. Ikabaki mikono: kung'oa nyasi tamu moja moja na kupanda mahali pake nyasi kali, zile ambazo hata punda huzifikiria mara mbili. Mizigo ingebebwa na maksai. Tatizo likawa moja tu. Duara linaloonekana wazi kutoka angani, mgeni aliyesimama juu yake halioni. Alihitajika mwenyeji.

Tangazo likasema kwamba, kwa moyo wa uzalendo, ajira za utupu zitatolewa kwa wenyeji kwanza.

Sironka alifikiri siku nyingi. Yeye hakuwa mtu wa kukata shauri mbio. Kusoma alijifunza mwenyewe kwenye makopo ya dawa za mifugo, na alikuwa bado anasoma kila kitu hivyo, kwa kidole, akianza na maonyo. Alijiambia kwamba kazi ile itafanywa tu, na akikataa yeye ataletwa mtu wa haraka, mtu wa kupiga mateke makaburi. Yeye angalau ataifanya taratibu. Hilo alilitimiza vizuri. Alichokuja kukigundua baadaye ni kwamba ubaya ukifanywa taratibu humwachia mtu nafasi kubwa ya kujuta, na nafasi ile yote aliitumia.

*

Siku ile kwenye duara la kina Lemaiyan, jua lilipoanza kuuma, wakaja vijana na fimbo zao. Mbele yao alikuwa Lemaiyan mdogo, mwana wa marehemu, mrefu, ametoka jasho la mbio.

"Sironka!" aliita. "Nani kakuruhusu kumchuna baba yangu ngozi?"

Sironka akasimama. Vibarua wengine nao wakasimama, Kasambala akiwa wa kwanza kusimama na wa kwanza kurudi nyuma.

Lemaiyan alikuwa ameshainua fimbo. Kisha akaitazama mikono ya Sironka, na fimbo ikabaki hewani.

Watu wa Lorunga wana jambo moja wasilolivunja. Mtu akichuma nyasi akazishika mkononi mbele yako, anaomba amani. Huwezi kumpiga, huwezi kumlaani, na sharti uweke silaha chini umsikilize mpaka atakapoziweka nyasi zile, au wewe utakapozipokea. Ukizipokea, umemsamehe. Mambo makubwa yamewahi kuisha hivyo, hata damu.

Na Sironka alikuwa amezishika, mikono yote miwili, na mizizi yake.

Lemaiyan akainama, akaweka fimbo chini. Vijana wakaweka zao.

"Haya," alisema kwa shida. "Umeshika nyasi. Sema."

"Ni kazi," alisema Sironka.

"Hilo si neno la mtu aliyeshika nyasi. Sema jingine."

"Nisamehe."

"Nimesikia. Sizipokei. Ziweke chini tuendelee."

Sironka akaziweka kwenye fungu la kushoto. Lemaiyan akainama, akaokota fimbo. Lakini chini ya mwavuli, kandokando ya duara, Bwana Mkaguzi Tibursi, mkuu wa kazi wa Idara, alikuwa akitazama saa, na Sironka alikuwa na mazoea ya kufanya kazi anapotazamwa. Akainama akang'oa konzi nyingine. Lemaiyan akashusha fimbo chini.

"Sema!"

"Nisamehe."

"Ziweke!"

Akaziweka. Fimbo zikainuka. Akang'oa. Fimbo zikashuka.

Ikawa hivyo mpaka jua likapinda. Vijana wa Lorunga walikuwa wakiinama na kuinuka kama waumini, na duara la baba yao likawa linapungua mbele ya macho yao, konzi kwa konzi, kila konzi ikiomba radhi kwa niaba ya inayofuata.

Bwana Mkaguzi Tibursi, aliyezaliwa mjini na kulelewa ofisini, aliguswa sana. Alisimama juu ya kreti ya soda akahutubia.

"Ndugu wananchi ambao hampo! Nimetembea nchi hii yote, sijaona nidhamu kama hii. Kila tunapong'oa, mnainama! Hii ndiyo maana ya ushirikishwaji. Nitamweleza Mheshimiwa Waziri kwamba mmeupokea utupu kwa unyenyekevu, tena bila kusukumwa!"

"Anasema nini huyu?" aliuliza kijana mmoja.

"Anashukuru," alisema Kasambala.

Walipokuwa wanaondoka, Lemaiyan alipita karibu na Sironka. Hakupaza sauti.

"Wewe una akili," alisema. "Umetafuta kazi ambayo hakuna anayeweza kukupiga ukiwa ndani yake. Lakini ipo siku utasimama mikono mitupu."

Sironka alitaka kumwambia kwamba hakuwa amewaza hivyo. Kisha akajiuliza kama kweli hakuwa amewaza hivyo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima, jibu halikuwa limepatikana hata walipomaliza kupanda zile nyasi kali.

*

Sasa habari ya maksai.

Maksai wa Wizara walikuwa wengi na wenye afya, maana walikula zile nyasi tamu zilizong'olewa. Kwa sababu ya fisi, walihitaji mahali pa kulala. Sironka ndiye aliyewajengea zizi, na kwa kuwa miongozo ya serikali haitambui majengo ya duara, alilijenga la mraba, kila pembe ikiwa pembe kweli. Maksai wakalala humo. Walichokula maduarani mchana walikiacha mrabani usiku.

Kisha ikanyesha mvua moja iliyopotea njia, ya nje ya msimu. Zizi lilikuwa limeshahamishiwa mbele. Pale lilipokuwa, uwanda mzima ukiwa umekauka, ukatokea mraba wa kijani mkubwa kuliko duara lolote, ukang'aa kama zulia la ikulu.

Bwana Mkaguzi aliuzunguka akiwa ameshika kichwa.

"Hiki ni nini, Sironka?"

"Ni sisi, Bwana Mkaguzi."

"Sisi akina nani?"

"Idara. Tumekaa hapa. Ardhi imeona."

Mkaguzi alikimbilia simu ya upepo. Makao makuu wakaitisha kikao cha dharura, na kabla ya chakula cha mchana jibu likarudi, likisomwa na sauti iliyokuwa inajipongeza. Mraba usiguswe. Duara ni alama ya mtu, mraba ni alama ya serikali. Wakaguzi wa tajiri wataelezwa kwamba uwanda ule tangu kale umekuwa chini ya uangalizi wa Idara ya Utupu, na kwamba maofisa, kwa mujibu wa rasimu ya mkataba, hawahesabiwi kuwa watu. Kitabu cha jiografia kingeongezewa picha ya mraba, na chini yake maneno: *Athari za kale za utawala bora.*

Kasambala alicheka mpaka mgongo wake ukafufuka. "Kumbe tuna historia! Tumekuja juzi, leo ni mababu!"

Sironka hakucheka. Alisimama kwenye kona ya mraba, akatazama zile pembe alizozipima kwa kamba mwenyewe. Maboma ya watu waliomnywesha maziwa alikuwa ameyafuta karibu yote vizuri sana, na la pekee ambalo lingebaki kwenye vitabu ni hili, lililojengwa na yeye, ambamo hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa.

*

Lilibaki duara moja.

"Lile la mwisho," alisema Bwana Mkaguzi asubuhi, "la yule mama mkaidi. Nasikia ni mama yako mzazi."

"Ndiye, Bwana Mkaguzi."

"Safi sana. Hakutakuwa na tatizo la lugha. Ndege inapita kesho jioni. Ukimaliza hili, nakupendekeza upandishwe cheo. Msimamizi Mwandamizi wa Utupu! Unaonaje?"

Sironka alisema anaona vizuri. Duara lile alikuwa ameliweka mwisho tangu mwanzo, katika mpango wake wa kazi, akijiambia ni kwa sababu liko mbali. Halikuwa mbali. Asubuhi ile alipanga upya mafungu, akanoa majembe ambayo hayakuruhusiwa kutumika, akamkagua kila maksai kwato. Walipofika ilikuwa alasiri.

Mama yake, Nolari, alikuwa amesimama katikati ya duara, akiegemea fimbo yake ya kuchungia. Nyumba yake ndogo ilikuwa pembeni, na duara lote alikuwa amelizungushia upya ua wa miiba. Alikuwa amerudi kuishi kando ya boma la ujana wake baada ya mumewe kufa, akisema amechoka kufuata malisho, sasa malisho yamfuate yeye.

"Umefika," alisema. "Nilidhani utaanza na mimi. Mtoto mwenye adabu huanzia nyumbani."

"Hawajambo ng'ombe, mama?"

"Ng'ombe hawajambo. Wagonjwa ni watu. Kaa unywe chai."

"Bwana Mkaguzi ananiangalia."

"Mwite na yeye. Au na yeye hajawahi kuwepo?"

Kasambala akakohoa ili asicheke. Sironka akapiga magoti. Midomo yake ikaanza kunong'ona kama ilivyozoea, kisha ikakwama. Kwenye maduara mengine wenyewe walikuwa wamekufa, na wafu ni wasikivu. Mwenye hili alikuwa amesimama hatua chache mbele yake, akisubiri kusikia.

Akashika shina. Akazungusha. Akavuta. Nyasi zilitoka na udongo mweusi, wenye harufu aliyoijua kabla hajajua jina lake mwenyewe. Akasimama, konzi mkononi.

Nolari akautazama mkono ule. Polepole, kwa sababu ya magoti yake, akaiweka fimbo chini.

"Haya. Naona umeshika nyasi."

"Ndiyo, mama."

"Unaomba, au unafanya kazi?"

Sironka akafikiri. Vibarua wote walikuwa wamesimama.

"Vyote viwili," alisema.

Mama yake akacheka, kicheko kifupi, kikavu. "Mwanangu. Nimeona wezi katika maisha yangu, nimeona waongo, nimeona na madaktari wa ng'ombe. Sijaona mtu anayeng'oa msamaha na mizizi yake. Kitovu chako kiko hapo unapokanyaga, unajua? Ukivuta sana utakitoa."

"Najua, mama."

"Sasa niambie nifanye nini. Nikizipokea, nimekusamehe, na hao wa malori watanibeba nikiwa nimeshasamehe. Nisipozipokea, utabaki nazo mkononi."

"Usizipokee," alisema Sironka.

Neno lilitoka kabla hajalipima. Mama yake alimtazama kama anayemtazama ndama aliyemdhania amekufa.

"Kumbe umo," alisema.

Filimbi ikalia. Ilikuwa ni saa ya kufunga kazi, na Bwana Mkaguzi Tibursi hakuwahi kuizidishia serikali hata dakika moja. Akakunja mwavuli.

"Utupu utaendelea kesho, saa mbili kamili!" alitangaza. "Nyasi zilizobaki zisiguswe nje ya muda wa kazi!"

Vibarua wakaondoka na maksai wao kuelekea kambini. Kasambala aligeuka mara moja. "Sironka, huji?" Kisha akaenda zake.

Nolari aliokota fimbo yake, akapiga mluzi. Ng'ombe wake, si wengi, waliokuwa wakilamba pembezoni, wakainua vichwa. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja, wakaja wakaingia ndani ya duara, wakasimama wakigeukageuka kama watu wanaotafuta mahali pao pa zamani msikitini.

"Unafanya nini, mama?"

"Nami nina kazi yangu. Wanalala hapa leo."

"Kesho nitatakiwa kuwatoa."

"Ya kesho ni yako. Hii ni ya leo."

Ng'ombe wa kwanza akainua mkia, na kazi ya mama yake ikaanza, kwa kishindo laini juu ya udongo ule ambao Sironka alikuwa ameung'olea nyasi.

Nolari alikuwa akiburuta tawi la miiba kuziba mlango wa ua. Lilikuwa zito, akawa analivuta, anapumzika, analivuta. Sironka akaenda akalishika upande wa pili. Alilivuta kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa bado na zile nyasi. Miiba ilimchana kiwiko.

"Ziweke chini ushike kwa mikono miwili," alisema mama yake.

"Bado."

Wakaliburuta hivyohivyo, mikono mitatu kwa watu wawili, mpaka mlango ukazibika. Nolari akaingia nyumbani mwake kupuliza moto. Sironka akabaki nje ya miiba, mkono umepita juu ya ua, akitazama jua likishuka upande ambao labda ulikuwa ni nchi nyingine.

Ng'ombe mmoja mzee akamsogelea. Akaunusa mkono wake, akautambua utamu wa mahali alipozaliwa, akaanza kuulamba ule mkono uliofumbwa, kwa subira, akizitafuta nyasi kwa ulimi. Sironka hakuufumbua. Hakuwa na hakika kama ng'ombe anaruhusiwa kumsamehe mtu, na Bwana Mkaguzi, ambaye ndiye wa kuulizwa, alikuwa ameshafunga kazi mpaka kesho.